Namba Nne Haina Ndevu

Jumatatu, 7 Aprili 1975

Siku mbaya. Ngano yangu inaumwa.

Nilikwenda shambani asubuhi na shati safi, kama inavyompasa mtu mwenye mstari wake. Nikainama kupalilia. Nilipoinuka, suruali ilikuwa na vumbi la rangi ya tofali kuanzia magotini hadi kwenye ugoko. Nikadhani ni udongo, lakini udongo wa mbuga yetu ni mweusi tii. Nikachunguza mashina. Yana vidonda virefu vilivyopasuka, na ndani ya kila kidonda kuna unga mwekundu. Ukiugusa unabaki kidoleni. Niliunusa, haunuki kitu. Niliuonja kidogo, hauna ladha. Mimi kwa asili ni mtafiti.

Niandike mambo yalivyo, asije mtu akayapotosha. Bwana Shamba Marcelo alituletea ngano mwezi wa pili kutoka kituo cha utafiti, aina kadhaa, kila aina na namba yake. Kijiji chetu cha ujamaa hakijawahi kuona ngano ikiota. Sisi ni watu wa pamba na mtama, na mwaka jana wa njaa tulikuwa watu wa kupanga foleni. Kila aina ilipandwa mstari mmoja mrefu, kila mstari ukapewa kaya moja iupalilie. Mimi Januarius nikapewa namba nne. Jirani yangu Jilala, balozi wa nyumba kumi, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache, akapewa namba tano. Aina itakayoshinda ugonjwa ndiyo itakayopandwa shamba zima la kijiji msimu ujao, na kaya iliyoitunza itatoa msimamizi wa shamba hilo.

Msimamizi! Tangu siku ile hata mwendo wangu umebadilika.

Namba tano ya Jilala haina doa hata moja. Imesimama pale pua kwa pua na yangu, na haina doa.

Jumanne, 8 Aprili

Bwana Shamba amepita na baiskeli yake. Nilimweleza kwa masikitiko kwamba mstari wangu umepatwa. Akafurahi. Akanipa mkono kabisa. Alisema ugonjwa huo unaitwa kutu ya ngano, nao ni kuvu, kitu chenye uhai wake, na ule unga ndio mbegu zake. Upepo unazipeperusha, na zinashika chochote kinachopita, hata nguo. Kumbe ile ngano dhaifu aliyoipanda pembezoni kuzunguka mistari yote aliipanda makusudi, iugue kwanza iambukize wengine. Anataka kuona nani atakubali ugonjwa na nani ataukataa. Kwa hiyo tusitibu, tusichume, tusihamishe kitu. Tupalilie tu, na tukitoka mstari mmoja tukung'ute nguo kabla ya kuingia mwingine.

Nilimtazama vizuri. Mtu mzima, amesoma, anaalika maradhi. Kwetu ng'ombe akiumwa unamtenga, unamtafutia dawa, na hutangazi. Nani anataka wageni wamwone ng'ombe wake akichechemea? Nimeshamwelewa Bwana Shamba. Anatupima akili. Anayekaa akitazama mstari wake unakufa atasimamia nini?

Jioni nilimweleza mke wangu Milembe. Alikuwa anachambua yale mahindi ya njano ya msaada, yaliyobaki chini ya debe. Alisema hajali nani atakuwa msimamizi. Mwaka jana alisimama foleni ya mahindi hayo akiwa na mimba ya Salu mpaka miguu ikavimba, na hataki kusimama tena. Anataka mbegu itakayozaa, iwe ya Jilala, iwe ya shetani. Nikamwambia asimtaje shetani pamoja na Jilala, atamwonea shetani. Hakucheka.

Ijumaa, 11 Aprili

Swali linaninyima raha: kutu inamrukaje Jilala? Imetoka pembezoni, imepita namba moja, imefika kwangu. Namba tano iko hatua moja tu. Jani la Jilala linagusa jani langu. Nimetumia asubuhi nzima nikiyatazama majani hayo mawili, moja jekundu, moja la kijani, yanapepea pamoja kama watoto wa mama mmoja. Sijapata kuona jambo la ajabu namna hii.

Lazima ana dawa.

Nimelala kifudifudi kwenye pamba ya jirani kumpeleleza. Jilala alifika, akasimama kwenye mstari wake, akamimina kitu cheupe kutoka kwenye kibuyu. Maziwa! Mtu mwenye ng'ombe ana siri zake. Nikarudi nyumbani mbio, nikachukua maziwa yaliyokuwa kwenye chungu, nikayanywesha namba nne yote.

Baadaye nilimkuta Jilala njiani nikamwuliza kwa ujanja kuhusu kibuyu. Alisema huwa anakisuuza pale kwa kuwa maji ya mfereji yapo karibu.

Mchana siafu waliuvamia mstari wangu, na mbwa wa kijiji wakafuata. Milembe aliniuliza maziwa ya Salu yako wapi. Nikasema utafiti una gharama. Nimelala njaa, mimi na Salu, ila Salu alipata uji.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeyaacha maziwa. Ni udongo.

Mstari wa Jilala upo upande wa bondeni kidogo, kwa hiyo rutuba yote inateremkia kwake. Nilichukua karai nikaanza kuchota udongo wa namba tano niuhamishie namba nne. Nilikuwa nimechota karai moja tu Jilala alipotokea nyuma yangu. Akanisalimu mwadila, nami nikaitikia kwa sauti ya mtu asiye na neno. Akauliza udongo ni wa nini. Nikasema wa kukandika mafiga ya Milembe, yamepasuka.

Ubaya wa Jilala ni wema. Alisema mimi sijui kuchagua udongo, akakamata jembe, akachimba mwenyewe mzuri zaidi, akaubeba hadi nyumbani kwangu. Milembe alipokea mzigo wa udongo wa mafiga wakati mafiga yake hayana hata ufa. Alimshukuru Jilala kwa adabu zote. Kisha akanitazama mpaka nikakumbuka kazi nje.

Alhamisi, 17 Aprili

Kutu imefika namba tatu na namba sita. Nasikitika kwa ajili ya wenzangu, ingawa si sana.

Kuna jambo la kustaajabisha nimeligundua na ni lazima niliandike. Wiki iliyopita, nikitoka kwenye mstari wangu, nilipita namba tatu yote kukagua kama inaumwa. Ilikuwa safi. Leo ina vidonda, na vipo palepale nilipopita, kwa urefu wa magoti yangu. Namba sita hivyohivyo. Inaonekana nina kipaji. Miguu yangu inajua ugonjwa utatokea wapi kabla haujatokea. Nilimweleza Milembe habari ya kipaji hiki. Akaniuliza kama nilikung'uta nguo. Sikuona uhusiano.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo nimefanya jambo ambalo sina hakika kama ni uhalifu au elimu.

Nilikunja kiganja, nikakusanya unga mwekundu kutoka namba nne, nikaupaka kwenye mashina ya Jilala. Niliupaka vizuri, shina kwa shina, kuanzia kwenye kigingi chake mpaka katikati ya mstari, na nikayalowesha majani kwa maji kidogo. Nilijiambia namkomoa. Lakini ukweli, na humu naandika ukweli, hamu ya kujua ilikuwa kubwa kuliko chuki. Itakuwaje? Labda Jilala ana bahati tu, upepo unamkwepa. Sasa nimemletea upepo mlangoni.

Kusubiri ndiyo adhabu.

Jumatatu, 28 Aprili

Imekataa.

Nimepiga magoti pale asubuhi nzima. Kila nilipopaka kuna kidoa kidogo cheupe, kimekauka, hakina unga ndani. Kutu imebisha hodi, ngano imeua kipande kidogo cha ngozi yake yenyewe, na mgeni amekufa njaa kizingitini. Hakuna dawa, hakuna maziwa, udongo ni uleule. Imezaliwa hivyo. Namba nne yangu inafungua mlango kwa kila mpita njia, namba tano inajua kufunga, na kwa macho ya kawaida zote ni majani. Nilisahau kabisa kuchukia. Nilitaka kumwita mtu nimwonyeshe, na mtu wa karibu alikuwa Jilala.

Kisha nikakumbuka usimamizi. Chuki ikarudi.

Masuke yameanza kutoka. Ya namba tano yana ndevu ndefu ngumu, yanasimama kama masharubu ya paka. Ya kwangu ni kipara. Hata kwa ndevu amenizidi.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya Wafanyakazi. Wengine walikwenda Bariadi kuona maandamano. Mimi nimefanya kazi ya kufikiri, na nimepata.

Bwana Shamba anakuja Jumanne kuchagua. Haijui mistari kwa sura, anaijua kwa vigingi vyenye namba. Nikihamisha vigingi, mstari safi utaitwa namba nne na mstari mgonjwa utaitwa namba tano. Kijiji hakitapoteza kitu. Tutavuna mbegu kutoka kwenye mstari ule ule mzuri na kuzipanda, Milembe atapata ngano yake isiyougua, na mimi nitapata usimamizi. Jilala atapoteza jina tu, naye ana ng'ombe. Nimeupindua mpango huu kila upande na sioni tundu.

Kuna tundu moja, ndevu. Namba nne haina ndevu, na Bwana Shamba anaweza kukumbuka.

Ndevu hunyolewa.

Jumapili, 4 Mei

Nilimwambia Milembe tumbo linaniuma. Kijiji chote kilipokwenda misa, nikaenda shambani na mkasi wa kushonea niliouazima kwa Mwanamisi, mke wa Khatibu mwenye duka, ambaye hushona kwenye baraza yao. Nilimwambia ni wa kunyoa kondoo. Akaniambia kondoo wetu hawana manyoya ya kunyoa. Watu wa mjini wana maswali mengi.

Kunyoa ngano ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Suke halitulii. Ukilishika kwa nguvu linapukutika, ukilishika kwa upole linakuponyoka. Zile ndevu zina meno madogo, zikikatwa zinarukia shingoni na kuteremka ndani ya shati, na kila unapojikuna zinapanda juu badala ya kushuka. Nilianza kunyoa vizuri. Katikati ya mstari nilikuwa nakata tu. Mwishoni nilikuwa nalia. Wimbo wa kutoka ulisikika kutoka kanisani nikiwa bado na masuke machache, nikayamaliza kwa meno.

Nikahamisha vigingi. Nikasimama mbali kidogo nitazame. Mstari safi, kipara, namba nne. Kazi nzuri sana.

Milembe alirudi akaniuliza tumbo vipi. Nikasema limehamia shingoni.

Jumanne, 6 Mei

Naandika mkono ukiwa mzito.

Kijiji kizima kilikusanyika shambani. Bwana Shamba alipita mstari kwa mstari akifungua mashina kwa vidole, sisi nyuma yake. Alipofika kwenye kigingi cha namba tano alitikisa kichwa kuona ule wekundu. Jilala aliutazama mstari unaoitwa wake, akautazama wa jirani, akakunja uso, ila hakusema neno. Ndivyo alivyo. Bwana Shamba alipofika namba nne aliinama muda mrefu. Akasimama akatangaza kwamba hii imekataa kutu, hii ndiyo yetu. Watu wakanipigia makofi. Nikainua mkono mmoja, taratibu, kama kiongozi.

Halafu akasema ataandika leo leo kituoni watuletee magunia ya namba nne.

Nikauliza magunia ya nini, mbegu si hizi hapa? Akacheka kwa upole. Akasema mstari mmoja hautoshi hata kona ya shamba la kijiji. Mbegu zitatoka kituoni, kwa namba. Huko wanazo stoo nzima.

Jasho lilinitoka mpaka ndevu za shingoni zikaanza kuwasha upya. Magunia ya namba nne. Namba nne ya kweli, ile inayofungulia mlango kila mgeni. Shamba zima jekundu, kisha debe tupu, kisha foleni. Nilimwona Milembe amembeba Salu mgongoni, anapiga makofi pamoja na wenzake, uso wake umekunjuka namna ambayo sijaiona tangu kabla ya njaa. Alikuwa anashangilia mbegu. Nilifungua mdomo niseme. Nilitaka kusema, Mungu ni shahidi. Maneno yaliyotoka yalikuwa kwamba naushukuru uongozi wa kijiji kwa imani waliyo nayo juu yangu.

Makofi ya Milembe yalisimama. Alikuwa ananitazama shingo. Alisogea, akachomoa kitu kwenye ukosi wa shati langu, akakiinua kwenye jua, kimoja, halafu kingine. Akashika suke la mstari ulioitwa namba nne akalipapasa kichwani kama anavyopapasa kichwa cha mtoto aliyetoka kunyolewa. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Bwana Shamba, hii ngano imenyolewa."

Sitaandika kicheko kilivyokuwa. Wapo waliokaa chini.

Bwana Shamba hakucheka. Alieleza pole pole kwamba namba nne haina ndevu toka kuumbwa kwake, namba tano inazo, na kama magunia ya namba nne yangekuja tungelima njaa kwa mikono yetu wenyewe. Waliokaa chini wakasimama. Milembe hakunitazama tena.

Alipoinama kurudisha vigingi aliona vile vidoa vyeupe kwenye mashina ya Jilala, vimejipanga mpaka katikati ya mstari tu. Akauliza nani amepaka kutu hapa. Nilikana. Akasema aliyefanya hivi amefanya jaribio kali kuliko lake. Nikakubali. Akasema kosa halifutiki, ila sasa ana hakika na namba tano kuliko alivyotarajia. Niliona hilo lilistahili makofi. Hakuna aliyepiga.

Kabla ya kuondoka alitoa onyo ambalo nalinukuu kwa uaminifu. Kuvu nalo linabadilika. Linaweza kuja siku moja la namna nyingine, linalojua kufungua mlango wa namba tano. Likija litaanza na shina moja. Atakayeliona asiliguse, asitembee, asimame palepale apige kelele aitwe Bwana Shamba, ili achome kipande hicho kabla shamba zima halijaambukizwa.

Usimamizi ukabaki kwa kaya ya Jilala. Jilala akasimama, akasema nyumbani kwake hakuna mwenye jicho kama la mayu, mama yetu Milembe, naye anampa yeye nafasi hiyo, kama mkutano utaridhia. Mkutano ukaridhia kabla hajamaliza.

Kwa hiyo usimamizi umeingia nyumbani kwangu hata hivyo. Nilimwambia Milembe hivyo usiku. Alisema niende kulala kwa kondoo wasio na manyoya.

Alhamisi, 15 Aprili 1976

Shajara hii nimeikuta chini ya magunia, nikaona niendelee, maana leo nimefanya jambo jema na hakuna mwingine wa kuliandika.

Shamba la kijiji ni zuri mno. Namba tano tupu, kutoka mferejini mpaka kwenye mipaka ya pamba. Milembe analisimamia na watu wanamtii kuliko walivyowahi kumtii mwenyekiti. Amenona kidogo. Anacheka. Juzi alimwambia Salu kwamba mwaka huu debe la mahindi ya njano tutalifanya kiti. Mimi amenisamehe, au amechoka kutosamehe, nami sijauliza.

Leo mchana nilipita shambani kumpelekea maji. Katikati kabisa ya shamba nikaona shina moja lenye kidonda. Si kile kidoa cheupe kilichokauka. Kidonda kirefu, kimepasuka, kimejaa unga mwekundu mbichi. Nilichuchumaa nikalitazama kwa muda. Ajabu ilioje. Kwa hiyo amekuja yule mwingine, anayejua kufungua. Nilitamani kujua ametoka wapi, kwa nini hapa, kwa nini shina hili.

Onyo la Bwana Shamba nalikumbuka neno kwa neno. Lakini nikafikiri kama mume. Nikipiga kelele watu watakuja, watachoma kipande cha shamba la Milembe mbele ya kijiji kizima, na yeye atasimama pale na uso ule wa mwaka wa njaa. Kwa shina moja? Safari hii sikujifikiria mimi hata kidogo. Nilimfikiria yeye.

Nikaling'oa. Nikalikunja vizuri nikalitia kwenye mfuko wa shati, asilione mtu. Kisha, kwa kuwa mimi si mtu wa kufanya kazi nusu, nikapita shamba lote mstari kwa mstari, kutoka mferejini mpaka kwenye pamba, nikipapasa mashina kwa mikono yangu miwili kuhakikisha halipo jingine. Halikuwepo. Kote safi.

Milembe aliporudi aliona mfuko wa shati umekuwa mwekundu, akauliza nini. Nikamwambia ni vumbi tu, asijisumbue, leo apumzike. Nikalivua shati nikalikung'uta dirishani. Kwa bahati nzuri upepo ulikuwa unavuma kuelekea shambani, na ndani ya nyumba haikuingia hata chembe.